Kifungu cha kutoshindana: kinavyobana mshahara hata kisipofika mahakamani

Aprili 2024 zilienea habari kwamba Marekani imepiga marufuku mikataba inayomzuia mfanyakazi kuhamia kwa mshindani wa mwajiri wake. Wengi waliisikia habari hiyo. Kilichofuata wakakisikia wachache. Ndiyo maana mpaka leo unaweza kumkuta mtu ametia saini mkataba wa namna hiyo kule Ohio au Texas, naye ana hakika kwamba "ulishafutwa na serikali". Haukufutwa.

Ilikuwa hivi. Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, ilitoa pendekezo Januari 2023, kisha tarehe 23 Aprili 2024 ikapitisha kanuni ya kufuta karibu mikataba yote ya aina hii nchi nzima, kwa kura 3 dhidi ya 2. Kanuni ilikuwa ianze kazi tarehe 4 Septemba 2024. Wiki mbili kabla, tarehe 20 Agosti, jaji wa mahakama ya shirikisho huko Texas aliitengua akisema tume haina mamlaka ya kutunga kanuni kama hiyo. Tume ilikata rufaa, na Septemba 2025, ikiwa chini ya uongozi mpya, ikaiondoa rufaa yake yenyewe. Kwa hiyo tumerudi pale pale: kila jimbo na sheria yake.

Tuanze na neno lenyewe. Kifungu cha kutoshindana ni ahadi unayompa mwajiri kwamba ukishaacha kazi kwake, kwa muda fulani na katika eneo fulani, hutafanya kazi kwa mshindani wake wala kufungua biashara kama yake. "Ukishaacha" ndilo neno la kushika. Kukatazwa kumfanyia kazi mshindani wakati bado unalipwa na mwajiri wako ni jambo jingine, na si mada yetu hapa.

Kifungu hiki kina ndugu watatu wanaofanana nacho sura, na mkanganyiko mwingi unaanzia hapo. Chukua msusi wa saluni. Akiambiwa asimpe mtu wa nje daftari la wateja wala bei ambazo mwenye saluni ananunulia rasta kwa jumla, hiyo ni ahadi ya kutunza siri. Akiambiwa akihama asiwapigie simu wateja aliowasukia hapo, hiyo ni ahadi ya kutochukua wateja. Akiambiwa arudishe ada ya kozi aliyolipiwa endapo ataondoka kabla ya mwaka kwisha, hiyo ni ile ambayo watu maofisini huiita bondi. Lakini akiambiwa asisuke kabisa, kwa mtu yeyote, mahali popote katika mji huo, kwa mwaka mzima, hicho sasa ndicho kifungu cha kutoshindana. Wale watatu wa mwanzo wanalinda kitu cha mwenye saluni. Huyu wa nne anafunga mikono ya msusi.

Sasa mshahara unaingiaje? Ukitaka kuelewa, jiulize kwanza mshahara hupanda kwa njia gani. Mara nyingi mwajiri hakuongezei kwa sababu tu umezeeka kazini. Anakuongezea ama kwa sababu umeondoka (na huko ulikokwenda wakakulipa zaidi), ama kwa sababu anajua unaweza kuondoka. Njia zote mbili zinategemea mlango mmoja: kuwapo kwa mwajiri mwingine anayeihitaji kazi ile ile unayoijua. Kifungu cha kutoshindana kinaufunga mlango huo, tena kinaufunga mahali unapouhitaji zaidi, maana anayeweza kukulipa vizuri kuliko wote ni yule anayefanya biashara kama ya bosi wako. Mwenye duka la viatu hawezi kumlipa fundi wa majokofu bei ya ufundi wa majokofu.

Tufanye hesabu. Tuseme mtu anahudumia wazee majumbani kupitia wakala, analipwa dola 18 kwa saa. Kwa saa 40 za wiki na wiki 52 za mwaka, hiyo ni dola 37,440. Wakala wa mtaa wa pili anatangaza dola 20. Tofauti ya dola 2 kwa saa ni dola 4,160 kwa mwaka. Kama hana kifungu, ama atahama, ama atamwonyesha bosi lile tangazo na kupata walau 19.50. Vyovyote itakavyokuwa, mshahara wake umesogea.

Mpe sasa kifungu cha miezi 12. Akitaka zile dola 20, lazima kwanza akae mwaka mmoja nje ya fani. Akikaa bila kazi, amepoteza dola 37,440, na itamchukua miaka 9 kuzirudisha kwa nyongeza ya 4,160 kwa mwaka. Akipata kibarua cha dola 14 ghalani, anapoteza 8,320, sawa na miaka miwili ya nyongeza. Bosi anaijua hesabu hii. Akiombwa nyongeza, anaweza kutabasamu tu. Hakuna haja ya wakili wala kesi. Hesabu imeshafanya kazi yake, na mshahara umebaki 18.

Kuna jambo moja linalowashangaza wengi: kifungu kinamgusa hata asiyekitia saini. Fikiria daladala iliyojaa. Kiti hupatikana mtu akishuka. Soko la ajira nalo liko hivyo: nafasi nzuri nyingi hutokea kwa sababu fulani amehamia kwingine, na aliyejaza nafasi yake ameacha yake wazi, na kuendelea. Nusu ya abiria wakiwa wamefungwa mikanda isiyofunguka, hata yule asiye na mkanda atasimama safari nzima. Tena mwajiri anayetafuta mtu hajui nani kafungwa na nani yuko huru mpaka amemhoji, hivyo wengine hawajisumbui kutangaza nafasi. Wachumi waliolinganisha majimbo ya Marekani waliliona hili hata ng'ambo ya mpaka: sheria ya jimbo moja ikikaza vifungu, mishahara ya jimbo jirani nayo inayumba, kwa kuwa watu wa mpakani wanaishi katika soko moja.

Ukienda kwenye takwimu, tahadhari. Ukilinganisha tu wenye kifungu na wasio nacho, utaona wenye kifungu wanalipwa zaidi, na mawakili wa waajiri hupenda kuishia hapo. Lakini wahandisi, madaktari na mameneja ndio husainishwa mara nyingi zaidi, nao wangelipwa zaidi hata bila kifungu. Ni kama kusema mwavuli unaleta mvua kwa kuwa umeona miavuli mingi siku ya mvua. Ili kujua kifungu chenyewe kinafanya nini, unahitaji mahali ambapo sheria ilibadilika ghafla huku watu na kazi wakibaki walewale.

Oregon ilitoa mfano huo. Tangu tarehe 1 Januari 2008, jimbo hilo liliwaondolea wafanyakazi wengi wanaolipwa kwa saa mzigo wa vifungu hivi. Watafiti Michael Lipsitz na Evan Starr walifuatilia kilichotokea wakilinganisha na majimbo mengine. Mishahara ya saa ilipanda kwa wastani wa asilimia 2 hadi 3. Inaonekana ndogo, lakini wastani huo unawahesabu wote, na wengi wao hawakuwa na kifungu tangu mwanzo. Ukiugawanya kwa wale waliokuwa wamefungwa hasa, makadirio yao yanafika asilimia 14 hadi 21. Kuhama kutoka kazi moja kwenda nyingine nako kuliongezeka. Hawaii ilipofuta vifungu kwa wafanyakazi wa kampuni za teknolojia mwaka 2015, mishahara ya walioajiriwa upya ilipanda kwa kama asilimia 4. Sheria hizi ni mbili na fani ni tofauti kabisa, ila mwelekeo ni ule ule.

Wako wanaosema mambo haya ni ya wakubwa wa kampuni tu. FTC ilikadiria kwamba watu milioni 30 Marekani wamefungwa, karibu mmoja kati ya kila watano. Kampuni ya sandwichi ya Jimmy John's iliwahi kuwasainisha wauzaji wa kaunta kwamba kwa miaka miwili wasifanye kazi katika biashara yoyote inayopata zaidi ya asilimia 10 ya mapato kwa sandwichi na iliyo ndani ya maili 3 ya tawi lake lolote. Mwaka 2016, baada ya kushtakiwa na mwanasheria mkuu wa Illinois, ilikubali kuviacha vifungu hivyo na kulipa dola 100,000. Huko Michigan walinzi waliokuwa wakilipwa karibu na kima cha chini walikatazwa kulinda kwa mwajiri mwingine ndani ya maili 100 kwa miaka miwili, na akikiuka alipe dola 100,000. FTC iliingilia Januari 2023. Mlinzi wa geti ana siri gani ya biashara ya kubeba umbali wa maili 100? Swali hilo peke yake linaonyesha kwamba kifungu hakikuwekwa kulinda siri.

Imani nyingine, na hii ndiyo hatari zaidi, ni kwamba kifungu kisicho halali hakina madhara. California inavikataa vifungu hivi tangu 1872. Hata hivyo, utafiti mkubwa wa mwaka 2014 ulikuta takriban mfanyakazi mmoja kati ya watano California ametia saini kifungu, kiwango kinachokaribiana na majimbo yanayoviruhusu. Kwa nini mwajiri ajisumbue kuandika kitu ambacho mahakama itakitupa? Kwa sababu aliyetia saini hajui kama kitatupwa. Kati ya waliofungwa na kifungu kisha wakakataa kazi kwa mshindani, wanne hivi kati ya kumi walisema kifungu kilichangia, na haikuleta tofauti kubwa kama jimbo lao linakitambua au la. California ilitambua hilo ikatunga sheria ya kuwalazimisha waajiri kuwaandikia wafanyakazi wao, ifikapo tarehe 14 Februari 2024, kwamba vifungu walivyotia saini ni batili. Kufuta karatasi hakukutosha. Ilibidi kufuta hofu.

Utafiti huo wa 2014 una jambo jingine la manufaa kwa anayetafuta kazi. Ni kama mtu mmoja tu kati ya kumi aliyejadiliana kuhusu kifungu kabla ya kukikubali. Na karibu theluthi walikiona baada ya kuwa wameshakubali kazi, wakati pengine wameshaaga walikotoka. Waliokiona mapema, kabla ya kukubali, walikuwa na mishahara mikubwa zaidi kwa karibu asilimia 10 kuliko wasio na kifungu. Waliokiona baadaye hawakuwa na faida hiyo hata kidogo. Hapa nako kuna ule mtego wa mwavuli, lakini mantiki yake ni nyepesi: kitu unachokiuza kabla ya kufunga bei kina bei, kinachochukuliwa baada ya bei kufungwa ni bure.

Waajiri nao wana hoja, na si zote za kupuuzwa. Ukimfundisha mtu kwa miezi sita kwa gharama yako kisha jirani akamchukua, hasara ni yako. Ni kweli pia kwamba pale vifungu vinapokuwa na nguvu, waajiri huelekea kutoa mafunzo zaidi kiasi. Tatizo ni kwamba mafunzo hayo hayageuki kuwa mshahara, kwa sababu aliyefunzwa hana pa kuyauza. Kuhusu siri, zipo sheria mahususi: Marekani ina sheria ya shirikisho ya siri za biashara ya mwaka 2016 inayomruhusu mwajiri kumshtaki aliyeiba siri bila kumzuia asiyeiba kufanya kazi. Wenye shaka waitazame Silicon Valley, kitovu cha kampuni za teknolojia, iliyokua katika jimbo lile lile la California. Mwaka 1957 wataalamu wanane waliacha kampuni ya William Shockley wakaanzisha Fairchild Semiconductor. Wawili wao, Robert Noyce na Gordon Moore, wakaiacha nayo mwaka 1968 wakaanzisha Intel. Kuhama huko hakukuiua fani.

Mgogoro wenyewe ni wa kale. Mwaka 1414, Uingereza, fundi wa kutia nguo rangi alishtakiwa kwa kukiuka ahadi ya kutofanya kazi yake mjini kwa miezi sita. Jaji alikasirika, akaapa kwamba kama mdai angekuwa mahakamani angemtupa gerezani hadi amlipe mfalme faini. Karne kadhaa baadaye mahakama zililegea, na tangu kesi ya Nordenfelt ya 1894 kanuni iliyoshika katika nchi nyingi zenye urithi wa sheria za Kiingereza ni hii: kizuizi ni batili isipokuwa kiwe cha busara kwa pande zote mbili na kisiudhi maslahi ya umma.

Kenya iliiweka kanuni hiyo katika sheria yake ya mikataba inayozuia biashara, Sura ya 24. Kifungu hakifi kwa sababu tu ni kizuizi, lakini Mahakama Kuu inaweza kukitangaza batili ikiona kwamba, kwa kutazama aina ya kazi, muda na eneo, kinampa mwajiri ulinzi kuliko anaostahili au kinaumiza umma. Kwa hiyo anayekuambia Nairobi kwamba "hivi vitu havina nguvu Kenya" na anayekuambia "umeshasaini, umekwisha" wote wamekosea.

Kwa walioko Falme za Kiarabu, na walinzi, wahudumu wa hoteli na madereva wa kutoka Afrika Mashariki kule ni wengi, kifungu kinatambuliwa na sheria ya kazi ya 2021, lakini kwa kipimo: kisizidi miaka miwili, na lazima kitaje mahali na aina ya kazi. Kinaanguka mwajiri akivunja mkataba kinyume cha sheria, na vilevile ajira ikiisha ndani ya kipindi cha majaribio. Pia mfanyakazi au mwajiri mpya anaweza kununua uhuru kwa fidia isiyozidi mishahara ya miezi mitatu, mwajiri wa zamani akikubali kwa maandishi. Usikichanganye na habari za viza na udhamini. Hayo ni mambo mawili, na mtu anaweza kuwa huru kwa moja akafungwa na jingine.

Ujerumani ina dawa ambayo mimi naona ndiyo ya haki kuliko zote: mwajiri anaweza kukufunga hadi miaka miwili, lakini kwa muda wote huo akulipe angalau nusu ya ulichokuwa unapata. Ghafla waajiri wanajifunza kutofautisha nani ana siri na nani hana. Massachusetts iliiga kidogo mwaka 2018: mwisho mwaka mmoja, malipo ya nusu mshahara au kitu kingine walichokubaliana, na kifungu hakimfungi aliyepunguzwa kazi au kufukuzwa bila kosa. Hilo la mwisho si la kila jimbo. Kwingi Marekani, hata ukifukuzwa, kifungu kinaweza kukufuata. Minnesota, waliko Wakenya na Wasomali wengi, imevifuta, lakini vile tu vilivyosainiwa kuanzia tarehe 1 Julai 2023. Cha Juni mwaka huo kinapimwa kwa sheria ya zamani. Florida, kwa upande wake, mwaka 2025 iliruhusu hadi miaka minne kwa wanaolipwa sana.

Ukiwa na karatasi mezani, kifungu hakikai mahali pamoja. Kinaweza kuwa kwenye mkataba, au kwenye kitabu cha kanuni za wafanyakazi unachokubali kwa kubofya, au kwenye fomu ya hisa au bonasi. Omba karatasi zote kabla ya kusema ndiyo, na kabla ya kumpa mwajiri wa sasa notisi. Kama hawakubali kukiondoa, bana vipimo vyake: miezi 6 badala ya 24, majina ya washindani watatu badala ya "biashara yoyote inayofanana", eneo ulilofanyia kazi badala ya nchi nzima, na sentensi kwamba kinakufa ukipunguzwa kazi. Mwajiri anayekataa kuondoa mara nyingi hukubali kupunguza, hasa ukimwomba alipie muda wa kukaa nje. Yote yawe kwa barua pepe. Ahadi ya mdomo ya afisa wa ajira kwamba "hatujawahi kukitumia" haina thamani pale afisa huyo anapokuwa amehama.

Ukiwa unaondoka, kosa linalowaponza wengi si kuhamia kwa mshindani bali kujitumia mafaili ya kazi kwa barua pepe binafsi wiki ya mwisho. Hapo unampa mwajiri kesi ya wizi wa siri ambayo ni nzito kuliko kifungu chenyewe. Rudisha kila kitu, wateja usiwaage kwa kuwapa namba mpya, na mwonyeshe mwajiri mpya kifungu kabla hajakuajiri. Akiwa anakutaka kweli, mwombe aandike kwamba atalipia wakili kukitokea dai. Barua ikija kutoka kwa wakili wa mwajiri wa zamani, itazame kwa mambo matatu: inataja kifungu gani na cha tarehe gani, sheria ya jimbo lipi, na inataka nini hasa. Nyingi zinataka tu uogope. Usiijibu kwa simu, wala usiipuuze: peleka kwa wakili wa masuala ya kazi kabla ya tarehe iliyoandikwa, kwa sababu ombi la zuio la muda (amri ya mahakama ya kukusimamisha kazi mpya wakati kesi ikingoja) linaweza kusikilizwa ndani ya siku chache.